Mama Mkwe Hawezi Kukalia Choo, na Mshamba Nimekuwa Mimi

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako, na kwanza naomba usinicheke, maana jambo lenyewe linahusu choo, na najua wasomaji wa ukurasa huu wamezoea barua za michepuko na wivu, lakini hiki choo kimemlaza mama mkwe wangu, na kimenigombanisha na mume wangu.

Mimi ni fundi cherehani, nimeolewa na fundi wa kuchomelea mageti na madirisha ya chuma, na tunaishi kwenye nyumba ya mama yake, pamoja na mama mwenyewe na wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli na pale nyumbani tunamwita Madamu, tena jina hilo analipenda. Mama mkwe wangu alikuwa mfua nguo za watu, amewalea wanawe kwa beseni na sabuni, na karibu kila kitu maishani mwake amekifanya akiwa amechuchumaa, amefua amechuchumaa, amechochea moto amechuchumaa, na hata leo na umri wake ule anachuchumaa uani kuchambua mboga mpaka mimi niliye mdogo kwake nachoka kwa kumtazama tu.

Choo chetu kiko mwisho wa korido, na kilikuwa cha kuchuchumaa, sinki jeupe limelazwa chini kwenye saruji, pembeni ndoo ya maji na kopo lake, na mama alikuwa anakisugua mwenyewe kila asubuhi kwa brashi na sabuni ya unga, hakumwachia mtu kazi hiyo, alikuwa anasema nyumba ukitaka kuijua usiangalie sebule, nenda uani na chooni.

Sasa Madamu akapata mchumba, tukafurahi wote, watu wa kwao wakaja kujitambulisha, na katikati ya mazungumzo shangazi wa mchumba akaomba aonyeshwe choo, nikampeleka mimi, na alirudi haraka kuliko alivyokwenda, akamnong'oneza Madamu kwa sauti ambayo sebule nzima ilisikia, "Mwanangu, mimi nitajibana tu mpaka nyumbani, magoti yangu hayakunjiki." Alisema kwa upole kabisa, na mimi nilimwonea huruma, lakini Madamu uso ulimshuka, na wageni walipoondoka alilia kama aliyefiwa, akasema tumemdhalilisha, akasema nani atamchukua mwanamke ambaye kwao wanachutama kama vyura.

Mama alikuwa amekaa pale pale. Alimwambia, "Chura huyo ndiye aliyekuzaa."

Wiki ile ile akaleta fundi na nyundo, na kwa kuwa yeye ndiye anayelipia, hakuna aliyebisha, mume wangu akasema dada yangu anataka kuolewa mwacheni, na lile sinki la chini likang'olewa vipande vipande, tukawekewa choo cha kukaa, kinang'aa, kina mfuniko, na pembeni kapeti dogo la rangi ya waridi. Mama alipouliza kwa nini hakuulizwa akaambiwa, "Mama, tunakufikiria wewe, unazeeka, magoti yatakusumbua." Akasema, "Magoti yangu mimi hayajawahi kunisumbua. Labda yanakusumbua wewe."

Mshauri, hapo ndipo taabu ilipoanza, maana mama alikaa kwenye kile choo na haja haikutoka. Alikaa asubuhi, akakaa jioni, hakuna kitu. Siku moja alikuja kwenye baraza ninaposhonea, akavuta kigoda karibu na cherehani yangu, akanisogelea sikioni kabisa, akasema, "Mwanangu, nikikaa pale najiona kama niko kwenye benchi la hospitali nasubiri jina langu liitwe, na jina haliitwi." Tulicheka, lakini alikuwa anajishika tumbo. Nikamnunulia dawa ya kulainisha, ikamkata tumbo, ikamwendesha, kisha akafunga tena, akaanza kutoa damu kidogo kwa kukamua, na hilo akaniambia mimi peke yangu. Mimi nikachukua kile kigoda nikakiweka mbele ya choo, nikamwambia mama ukikaa kanyaga hapa ili magoti yapande juu, na kweli kikamsaidia, siku mbili tatu uso wake ukachangamka, lakini Madamu alipokikuta akakirusha uani, akasema, "Nani ameleta kigoda cha jikoni chooni? Nyumba hii mtu ukiitengeneza wenzako wanairudisha porini!" Nilimwambia kinasaidia tumbo, akasema tumbo la nani, na mama akanitupia jicho, nikanyamaza.

Basi mama akaanza kupanda. Ndiyo, anapanda juu ya kile choo na kandambili zake, anaweka miguu pale pa kukalia, anachuchumaa huko juu kama alivyozoea, na ninajua kwa sababu nilikuta alama za kandambili nikazifuta, nikazikuta tena nikazifuta, mpaka siku ambayo Madamu aliwahi kuingia kabla yangu. Akatoka anapiga kelele korido nzima, akanijia mimi moja kwa moja, akasema, "Wifi, huu ushamba uuache huko ulikotoka! Mtu mzima anapanda choo kama mbuzi anapanda ukuta! Kinyaa!" Mama alikuwa anakula. Mkono wake ulisimama, tonge likiwa hewani. Mimi nikamwangalia, naye akaniangalia, na yale macho, mshauri, yalikuwa macho ya mtoto aliyejikojolea darasani. Ningesema nini? Nikasema, "Nisamehe wifi, sitarudia." Mama akaweka tonge chini, akaondoka.

Usiku mume wangu akaniambia nimemwaibisha, nikameza na hilo. Nilimwomba mama asipande tena, nikamwambia kile kitu ni cha udongo wa kuchoma, kinapasuka, akaniitikia, na kumbe tumbo likimbana hana namna.

Mchana mmoja niko kwenye cherehani nashona sare za shule nikasikia mlio kama sahani nyingi zimeanguka kwa pamoja, halafu kimya. Nikakimbia, mlango umefungwa kwa ndani, nikaupiga kwa bega mpaka komeo likang'oka, nikamkuta mama amelala kati ya vipande, maji yanamwagika, paja limefunguka, damu imejaa kwenye lile kapeti. Nilimfunga kwa kitambaa nilichokuwa nashona. Na neno la kwanza alilolisema halikuwa la uchungu, alinishika mkono akasema, "Usiwaambie nilipanda. Sema nilikuwa nimekaa. Niapie." Nikaapa, mshauri, mtu anavuja damu mbele yako utakataa kuapa?

Tukampeleka hospitali akashonwa, na pale wodini, kitanda kwa kitanda wagonjwa wanatusikiliza, Madamu akauliza choo kipya kinavunjikaje mtu akiwa amekaa, na kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe, "Ni wewe! Wewe ndiye uliyekuwa unapanda, ukakitia ufa, mama yangu akaja kukikalia kikamkata!" Na mume wangu, ambaye nimelala naye miaka yote hii, aliyenijua kabla dada yake hajanijua, akasema mbele ya wodi nzima, "Nilikuwa najua nimeoa mshamba, sikujua nimeoa muuaji." Nilimtazama mama. Mama aligeukia ukutani.

Sijamchukia mama, Mungu anajua, lakini ule mgongo wake bado nauona.

Sasa mama yuko nyumbani, Madamu ameweka choo kingine kama kile kile, na mimi nimepigwa marufuku kukikanyaga, nakwenda kuomba kwa wapangaji wa ua wa jirani, ambako choo chao ni cha kuchuchumaa, na nikiwa mle ndani namkumbuka mama, maana hicho nilichopewa kama adhabu ndicho yeye anachokililia, ila anaona aibu mwenye nyumba kwenda kuomba choo kwa wapangaji. Mama hali chakula. Asubuhi chai, jioni tena chai, ukimwekea sahani anaizungusha, anasema hana njaa, na mimi peke yangu najua kwamba anajinyima ili asipate haja. Mkono wake umekuwa kama ufito. Kidonda hakikauki vizuri. Na Madamu anawaambia watu mimi ndiye ninayemnyima chakula mama yake. Juzi nilimwambia mama, niruhusu niseme, akalia, akasema, "Ukisema, wakwe zake watasikia. Aliniita chura nikiwa sijafanya kitu, akijua ataniita nani?"

Nifanye nini? Nikisema nimevunja kiapo cha mama mzima. Nikinyamaza atakufa mikononi mwangu na nitaitwa muuaji mara ya pili. Au nifungashe virago nirudi kwetu? Nijibu haraka, yamenifika shingoni.

Mimi Mkazamwana Mshamba

*

MSHAURI ANAJIBU

Mkazamwana, jina hilo la Mshamba ulilojipa sitalitumia. Barua yako niliisoma nimesimama, na sikungoja zamu yake ifike gazetini, nikakupigia simu siku ile ile, kwa sababu mtu mzima mwenye kidonda asiyekula hangoji toleo la Jumapili. Niliyokuambia kwenye simu ndiyo haya, nayaandika kwa sababu nina hakika hupo peke yako, zipo nyumba nyingi ambazo kuna mzee anayemeza chai tupu kwa kuogopa choo cha mwanawe.

Pole, mwanangu. Pole kwa yale maneno ya wodini kabla ya mengine yote. Umefanya ambayo binti wa kuzaa hakufanya. Lakini nitakugombeza. Ulipojitwika zile alama za kandambili, ulimsitiri mama mkwe wako, na heshima hiyo naipokea kwa mikono miwili. Ulipoona damu ya kukamua ukanyamaza, ulikosea. Sitara ni ya aibu, ugonjwa haustiriwi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umekaa na maradhi ya mwenzio chini ya kitambaa unachoshona, unasubiri nini? Kiapo ulichoapa juu ya sakafu yenye damu kilikuwa cha kumtuliza aliyeanguka. Hakikuwa cha kumzika.

Kwa hiyo kwanza mwili. Mpeleke zahanati, wewe na yeye tu, na mlango ukifungwa mwambieni muuguzi yote, kufunga choo, damu, kutokula, kupanda. Muuguzi hatashangaa, ameshaona makubwa kuliko hayo. Kigoda kirudishe chooni leo, na Madamu akikirusha kiokote ukirudishe tena, mara mia. Na mama asichuchumae kabla nyuzi hazijatolewa na aliyemshona hajaruhusu, paja lile litafunguka upya. Na kupanda juu ya choo cha kukaa marufuku, kwake na kwa yeyote anayesoma hapa, kitu kile kikipasuka kinakata kama panga, mmeona wenyewe.

Pili, choo chenyewe. Nimemuuliza daktari ili nisiseme kwa mazoea tu. Mtu akichuchumaa, magoti yanapanda, mapaja yanalisukuma tumbo, na njia ya haja inanyooka, mzigo unashuka bila kukamuliwa. Akikaa kama yuko kwenye kiti, njia ile inabaki imejikunja. Wengi wanamudu hivyo hivyo maisha yao yote. Aliyechuchumaa tangu utotoni, ukimkalisha ghafla uzeeni, mwili unagoma, na akianza kukamua ndipo bawasiri zinapokuja. Tena choo cha chini ngozi yako haigusi mahali palipokaliwa na mwingine, kopo moja la maji linatosha kukisafisha, na miguu inabaki na nguvu. Ushamba uko wapi hapo?

Lakini na yule shangazi wa mchumba naye asitukanwe. Magoti yake hayakunjiki, alisema kweli tena kwa adabu. Mwenye goti bovu, mjamzito wa miezi ya mwisho, aliyevunjika nyonga, hao choo cha kukaa ni haki yao. Nyumba ile ilihitaji choo cha pili. Mkang'oa cha mmoja kumpa mwingine, na aliyeng'olewa chake ndiye mwenye nyumba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Madamu hajawahi kukilalia kitanda cha mama yake hata dakika moja.

Tatu, siri. Usiitoe nyuma ya mgongo wake. Nilikuambia umwendee mama, ukae chini naye, umwambie hivi: "Mama, nimekubebea hadi mabega yameisha. Jambo hili litasemwa, na utakuwepo likisemwa. Chagua useme wewe au niseme mimi." Na kurudi kwenu nilikukatalia kwa wakati ule. Ukiondoka na lawama mgongoni, umeikubali.

Umenipigia tena juzi, na kwa ruhusa yako nawaambia wasomaji yaliyotokea.

Mama alichagua kusema mwenyewe. Alisubiri wanawe wote wawili wawe mezani, akasema, "Zile kandambili zilikuwa zangu. Nilipanda mimi, nikavunja mimi. Huyu hakuwahi kupanda." Na Madamu, uliniambia, alicheka. Akasema, "Mama, usimtetee huyu, ana mume wa kumtetea." Mama akainuka, mguu ukimuuma, akaenda chumbani, akarudi na kandambili moja, akaiweka mezani kati ya sahani. Soli yake ilikuwa imekatwa na kigae. Akasema, "Mnajua namba ya mguu wangu. Mpimeni na yeye." Hakuna aliyepima. Madamu alisema neno moja tu, "Kwa nini hukuniambia?" na mama akamjibu, "Ulikuwa unapiga kelele, mwanangu, ningeingiza wapi neno langu?"

Choo cha pili, cha kuchuchumaa, kimejengwa. Madamu amekubali kwa sharti kiwe nyuma ya jiko, wakwe wasikione. Mumeo amechomelea chuma cha kushikia, akakifunga ukutani, akakining'inia kwa uzito wake wote kuona kama kitahimili, kisha akaenda kuoga bila kukuangalia. Nyuzi zimetoka, mama anashika kile chuma, anachuchumaa, anakula tena sahani nzima. Ulisema siku ya kwanza alitoka mle akakaa jua la uani akakwambia, "Leo jina langu limeitwa." Nimeandika sentensi hiyo nikitabasamu, na nimefuta tabasamu hilo niliposikia mengine, kwamba nguo za harusi za Madamu, sare ya ukoo mzima, zimepelekwa kwa fundi mwingine, na kitambaa cha kwako hukuletewa.

Shauri langu la mwisho kwako: usimfuate Madamu kuomba kitambaa. Harusi hiyo nenda na nguo uliyojishonea, rangi yoyote unayoipenda, kaa karibu na mama mkwe wako, maana yeye ndiye atakayekutafuta kwa macho. Siku ile usimpikie mtu wala usimfulie mtu. Mama alisema alichosema mbele ya wawili. Aliyekutukana mbele ya wodi nzima bado hajasema kitu.

Na wewe fundi wa mageti, najua mkeo amekuwekea ukurasa huu mezani, kwa hiyo nakuambia wewe moja kwa moja. Kile chuma ulichokifunga ni cha mama yako. Mkeo hakuona sehemu yake pale. Neno "muuaji" ulilitamka kwa sauti, watu wakageuza shingo kwenye vitanda vyao, na msamaha unautaka upite kimya kimya kama mwizi wa kuku? Mwite dada yako, mwite mama yako, wakae. Simama mbele yao, mtaje mkeo kwa jina lake, useme ulikosea nini na ulimkosea nani. Ukiona ulimi mzito, kumbuka kwamba wodini ulikuwa mwepesi. Asipoupata msamaha huo hadi harusi ipite, mimi mwenyewe niliyemkataza kurudi kwao ndiye nitakayemsaidia kufunga mizigo.